Mipaka ya Mbinu za Kikompyuta katika Kuchakata Kiswahili cha Kariakoo: Uhakiki

Ikisiri

Makala hii inahakiki mbinu tatu ambazo zimetumika kuchakata Kiswahili kwa kompyuta: mbinu ya kanuni, mbinu ya takwimu na mbinu ya mitandao ya neva. Lengo si kuonesha kwamba mbinu hizo zimeshindwa, bali kubainisha zinakoma wapi na kwa nini zinakoma hapo. Mifano imetokana na lugha ya biashara ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Makala inatetea hoja kwamba mipaka ya mbinu hizo si ya aina moja. Upo mpaka unaofichwa na kipimo. Upo unaosogezwa kwa kuongeza data. Na upo ambao hausogezwi na data ya matini, kwa kuwa taarifa inayotakiwa haimo katika maneno yaliyosemwa. Makala inapendekeza kwamba sehemu ya "Mipaka ya Utafiti" katika tasnifu zetu ihesabiwe kuwa sehemu ya matokeo, na si utaratibu tu wa uandishi.

1.0 Utangulizi

Karibu kila tasnifu iliyoandikwa kwa Kiswahili ina sehemu inayoitwa "Mipaka ya Utafiti". Kwa kawaida sehemu hiyo huwa aya moja au mbili. Mtafiti hueleza kwamba muda ulikuwa mfupi, fedha hazikutosha, eneo la utafiti lilikuwa moja, na baadhi ya watoataarifa walisita kuhojiwa. Baada ya hapo, msomaji haelezwi tena habari ya mipaka hadi mwisho wa kazi. Mwandishi wa makala hii naye aliandika aya ya namna hiyo katika pendekezo lake la utafiti, akasema kwamba atajifunga katika eneo la Kariakoo kwa sababu ya ufinyu wa muda. Alipoanza kuzilinganisha mbinu alizokusudia kuzitumia na maneno anayoyasikia kila anaposhuka Gerezani na kuelekea Mtaa wa Congo, alibaini kwamba aya ile haikugusa jambo lililo kubwa zaidi. Mpaka mkuu wa utafiti wake haukuwa muda wala eneo. Ulikuwa ndani ya mbinu yenyewe.

Kariakoo ni mahali panapofaa kwa uhakiki wa aina hii. Soko lake kuu, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021, lakini biashara ya mitaa inayolizunguka haikukoma. Hata jina lenyewe lina funzo la kiisimu. Linatokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi cha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, nalo lilitoholewa midomoni mwa watu kabla Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 haijaanza kazi ya kusanifisha Kiswahili. Kwa hiyo Kariakoo ilikuwa ikiunda maneno kabla ya usanifishaji, na inaendelea kuyaunda hadi leo. Mbinu yoyote inayodai kukichakata Kiswahili haina budi kupimwa hapo pia, na si katika kurasa za magazeti pekee.

Makala hii inaanza kwa kueleza mbinu tatu na mafanikio yake, kisha inajadili mipaka mitatu kwa mfuatano: mpaka wa kipimo, mpaka wa data na mpaka wa muktadha. Mifano ya mazungumzo imetungwa na mwandishi kwa kufuata mazoea ya usemi wa sokoni. Haikunukuliwa kutoka kwa mtoataarifa yeyote.

2.0 Mbinu Tatu na Mafanikio Yake

Haki inadai kwamba kabla ya kuihakiki mbinu, tueleze kwanza ilichoweza kufanya.

Mbinu ya kwanza ni ya kanuni. Msingi wake ni mofolojia ya viwango viwili iliyoasisiwa na Kimmo Koskenniemi (1983). Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliitumia mbinu hiyo kwa Kiswahili na kuieleza katika makala yake ya mwaka 1992. Kutokana na kazi hiyo kilipatikana kichanganuzi cha SWATWOL, na baadaye mfumo mpana zaidi wa SALAMA. Katika mbinu hii, mtaalamu huiandalia kompyuta orodha ya mizizi pamoja na kanuni za mfuatano wa viambishi. Neno kama "nitawauzia" huchanganuliwa kuwa ni-ta-wa-uz-i-a, na kila kipande hupewa uamilifu wake. Ubora mkubwa wa mbinu hii ni uwazi. Programu ikikosea, mtaalamu anaweza kufuatilia kanuni iliyosababisha kosa na kuirekebisha. Ubora wa pili ni kwamba mbinu hii hukiri utata. Kiambishi "wa" katika "nitawauzia" chaweza kurejelea "ninyi" au "wao". Kichanganuzi hutoa uwezekano wote, ndipo kanuni za muktadha zichague. Udhaifu wake nao uko wazi: haijui mzizi ambao haukuorodheshwa.

Mbinu ya pili ni ya takwimu. Mfano wake mzuri ni kazi ya De Pauw, de Schryver na Wagacha (2006), ambao walizifundisha programu kubainisha kategoria za maneno ya Kiswahili kwa kutumia Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki. Hapa mtaalamu haandiki kanuni. Programu hujifunza kutokana na mifano iliyokwisha kubainishwa. Faida yake ni kwamba inapokutana na neno geni haikwami. Hulikisia kwa kutazama umbo lake na maneno jirani.

Mbinu ya tatu ni ya mitandao ya neva, ambayo ndiyo msingi wa mifumo mingi ya akili unde tunayoiona leo. Katika tafsiri ya kimashine, hatua moja ya awali ni kuvunja maneno katika vipande. Njia iliyoenea ni ile ya Sennrich, Haddow na Birch (2016): programu huanza na herufi mojamoja, kisha huunganisha jozi inayojirudia mara nyingi zaidi, na kuendelea hivyo hadi ipate idadi ya vipande inayotakiwa. Njia hii haijui mzizi wala kiambishi. Inajua marudio tu. "Nitawauzia" linaweza kuvunjwa mahali ambapo mwanaisimu asingethubutu kulivunja. Hata hivyo, mifumo iliyojengwa juu yake hutafsiri Kiswahili sanifu kwa ufasaha ambao mbinu mbili za kwanza hazikuufikia. Mwanaisimu anayeipuuza kwa kuwa haifuati mofolojia anajinyima jambo la kujifunza.

3.0 Mpaka Unaofichwa na Kipimo

Mpaka wa kwanza hauonekani kwa urahisi kwa sababu umefunikwa na takwimu nzuri. Turejee kazi ya mwaka 2006. Programu zilizojaribiwa zilipata usahihi wa juu sana, na matokeo hayo yamerudiwa katika maandishi mengi. Lakini usahihi huo ulipimwa dhidi ya nini? Kopasi iliyotumika ilikuwa imebainishwa kwa kutumia SALAMA. Kwa hiyo programu zilijifunza kutokana na majibu ya programu nyingine, na zikapimwa kwa majibu ya programu hiyohiyo. Asilimia iliyopatikana inaeleza kiwango cha ukubaliano kati ya mwanafunzi na mwalimu wake. Haielezi moja kwa moja umbali uliopo kati ya mwanafunzi na Kiswahili. Pale ambapo mwalimu alikosea, mwanafunzi aliyekosea vivyo hivyo alihesabiwa kuwa amepata.

Uhakiki huu hauwalengi watafiti wale, kwani walifanya kazi kwa data iliyokuwapo na hawakuificha asili yake. Unatulenga sisi tunaoichukua asilimia na kuacha nyuma maelezo yanayoiandama.

Tatizo la kipimo linajitokeza pia katika utambuzi wa usemi. Kipimo kinachotumika sana huhesabu idadi ya maneno yaliyokosewa kwa kuyalinganisha na maneno yaliyosemwa. Kipimo hicho kilienea kupitia lugha kama Kiingereza, ambazo maneno yake mengi ni mafupi na hayabebi viambishi vingi. Tuchukue sentensi ya mfanyabiashara mmoja: "Hii nitakuuzia kwa bei hiyo." Ina maneno matano. Tuseme programu ya kwanza imeandika "ntakuuzia", jinsi ambavyo watu wengi hutamka kwa kweli. Programu ya pili imeandika "sitakuuzia". Kwa mujibu wa kipimo, programu zote mbili zimekosea neno moja kati ya matano, yaani asilimia 20, na zinastahili alama sawa. Kwa mujibu wa mteja, programu ya kwanza haikukosea chochote, na ya pili imegeuza ndiyo kuwa hapana. Katika Kiswahili, kukubali na kukataa, wakati, mtenda na mtendwa hukaa ndani ya neno moja. Kipimo kisichotazama ndani ya neno hakiwezi kututajia mahali ambapo mbinu inakoma.

4.0 Mpaka wa Data

Mpaka wa pili unafahamika zaidi. Mbinu zinazojifunza kutokana na mifano hujua kilichomo katika mifano hiyo. Kopasi ya Helsinki imejengwa kwa matini zilizoandikwa: magazeti, vitabu na, katika toleo la pili, kumbukumbu za Bunge. Toleo hilo lina maneno takribani milioni 25. Ni hazina kubwa, lakini ni hazina ya Kiswahili kilichopita mikononi mwa wahariri. Kwa upande wa sauti, mradi wa Common Voice wa Mozilla ulianza kukusanya sauti za Kiswahili kwa nguvu mwaka 2021. Utaratibu wake wa kawaida ni kwamba mchangiaji huoneshwa sentensi kwenye skrini naye huisoma kwa sauti. Anayesoma sentensi hakatizwi na mtu, hapigi kelele kushindana na spika ya duka la jirani, wala habadili bei katikati ya neno. Usomaji ni usemi wa aina yake, na haupaswi kuchukuliwa kuwa mwakilishi wa usemi wote.

Athari yake inaonekana katika majina. Neno "Msimbazi" lina angalau marejeleo manne katika eneo hili moja. Ni mtaa. Ni mto na bonde lake. Ni utambulisho wa klabu ya Simba, ambayo makao yake yapo katika mtaa huo. Na kwa sababu ya wekundu wa klabu hiyo, ni jina la noti nyekundu ya shilingi 10,000. Mtu anayesema "Nimebaki na msimbazi mmoja" hazungumzii mto. Vivyo hivyo "Jangwani". Kichwa cha habari kisemacho "Mafuriko Jangwani yafunga barabara" ni habari ya kawaida ya msimu wa mvua kwa mkazi wa Dar es Salaam, anayejua kwamba Barabara ya Morogoro hukatika katika bonde hilo. Kwa mfumo usiolijua jiji, hasa kichwa hicho kikiandikwa kwa herufi kubwa tupu, hayo ni mafuriko ya mahali pasipo na maji. Mitaa ya Uhuru, Sikukuu na Swahili nayo ina mtego huohuo: kila jina ni neno la kawaida kabla ya kuwa jina la mahali.

Hata hivyo, ni lazima tuwe waangalifu tusiuite mpaka huu wa kudumu. Maneno kama "buku" kwa shilingi 1,000 na "jero" kwa shilingi 500 si siri. Lugha ya mitaani ya Tanzania imekwisha kufanyiwa utafiti wa kina, mathallani kazi ya Reuster-Jahn na Kießling (2006), ambayo iliambatana na kamusi. Maneno hayo yamejaa katika nyimbo na katika mitandao ya kijamii. Mfumo utakaofundishwa kwa matini hizo utayajua. Mpaka wa data husogea kadiri data inavyoongezwa, na mtafiti anayeulalamikia bila kukusanya data anastahili kuulizwa amefanya nini.

5.0 Mpaka wa Muktadha

Mpaka wa tatu ndio kiini cha makala hii. Tutazame mazungumzo yafuatayo katika duka la nguo:

Mteja: Kaka, hili gauni bei gani?
Muuzaji: Kumi na tano tu, dada yangu.
Mteja: Mbona ghali? Nikupe msimbazi.
Muuzaji: Ongeza buku mbili, uchukue.

Bei iliyoafikiwa ni shilingi 12,000. Katika mazungumzo yote, neno "elfu" halikutajwa, wala neno "shilingi". Kiasi cha 12,000 chenyewe hakikutamkwa na yeyote. Kilipatikana kwa kujumlisha noti iliyotajwa na mteja na nyongeza iliyodaiwa na muuzaji. Mfumo unaojua "msimbazi" na "buku" unaweza kufika hapo, kwa hiyo mfano huu bado haujavuka mpaka wa data.

Sasa tuchukue usemi mmoja tu: "Mbili na nusu." Kwa muuza mboga, maneno hayo ni shilingi 2,500. Kwa muuza simu ni laki mbili na nusu, yaani 250,000. Kwa muuza pikipiki ni 2,500,000. Sauti ni ileile, maneno ni yaleyale, na sarufi haina kosa. Kinachotofautisha kiasi kimoja na kingine ni kitu kilichoshikwa mkononi au kilichooneshwa kwa kidole. Hata kamusi kubwa kiasi gani haiwezi kutatua utata huu, kwa sababu haumo katika maana ya maneno. Namba zinazotamkwa kikamilifu nazo hazina kinga. "Elfu kumi na tano" kisarufi yaweza kuwa 15,000 au 10,005. Hakuna mnunuzi anayefikiria 10,005, na kwa sababu hiyohiyo hakuna anayejisumbua kuondoa utata, isipokuwa wachache wasemao "kumi na tano elfu".

Hoja ya kwamba matini peke yake haitoshi si ngeni. Mwaka 1960 Yehoshua Bar-Hillel aliitumia kuonesha kwamba tafsiri kamili ya kimashine haiwezekani. Alichukua neno la Kiingereza lenye maana ya kalamu na pia ya kizuizi cha mtoto kuchezea, akasema kwamba mashine haiwezi kuchagua maana sahihi bila kujua ukubwa wa vitu duniani. Miaka sita baadaye, ripoti ya kamati ya ALPAC nchini Marekani iliisababishia taaluma hiyo kupunguziwa fedha. Msomaji anaweza kupinga kwamba historia imemsuta Bar-Hillel: mifumo ya sasa hulitatua neno lake bila shida, kwa kuwa imesoma matini nyingi zinazoeleza vitu na ukubwa wake. Kwa nini basi tuamini kwamba Kariakoo itakuwa tofauti?

Pingamizi hili ni zito na halipaswi kukwepwa. Jibu lake ni kwamba mifano hii miwili haifanani. Katika mfano wa Bar-Hillel, ujuzi uliokosekana ni wa jumla: kalamu ni ndogo kila mahali, na mtu fulani ameliandika jambo hilo au jambo linalodokeza hilo. Katika mfano wetu, kinachokosekana ni ujuzi wa tukio: kitu gani kimeoneshwa, leo, na muuzaji huyu, kwa mteja huyu. Tukio hilo halikuandikwa popote na halitaandikwa. Matini zote za dunia zikikusanywa zitaiwezesha mashine kukisia kwamba simu haiuzwi shilingi 2,500. Hazitaiambia kwamba kilichoshikwa ni simu, wala si kava lake.

Inaweza kupendekezwa kwamba mashine ipewe kamera. Pendekezo hilo linasogeza mpaka kwa kiasi fulani, lakini linaleta gharama ya aina nyingine. Kurekodi sauti na sura za watu wakipatana bei ni kukusanya taarifa binafsi, jambo linalosimamiwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zaidi ya hayo, bei ya jumla anayopewa mteja wa kila wiki kutoka Morogoro haifanani na ya mpita njia, na mfanyabiashara ana sababu halali ya kutotaka tofauti hiyo irekodiwe. Hapa mpaka wa mbinu unakutana na haki ya mtu. Kamera nzuri zaidi haitaondoa haki hiyo.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala hii imeonesha kwamba kauli "mbinu ina mipaka" haitoshi. Ni lazima tueleze ni mpaka wa aina gani, kwa sababu kila aina ina tiba yake. Anayekabili mpaka wa muktadha kwa kuongeza matini atatumia fedha nyingi bila mafanikio, na anayekata tamaa mbele ya mpaka wa data atakuwa ameacha kazi inayowezekana. Jambo hili si la kinadharia tu. Huduma za fedha kwa simu zimekwisha kuwa sehemu ya biashara ya Kariakoo, na wazo la kumwezesha mtu kulipa kwa kutamka tu linavutia, hasa kwa wasiosoma. Kosa la sufuri mbili katika muamala wa mama lishe si kasoro ya takwimu. Ni mtaji wake wa wiki.

Kutokana na mjadala huu, mapendekezo matatu yanatolewa. Kwanza, tathmini ya mifumo ya Kiswahili ieleze data ya majaribio ilibainishwa na nani, mtu au programu, na itenganishe makosa yanayobadili maana na yasiyobadili. Pili, sehemu ya "Mipaka ya Utafiti" katika tasnifu zinazotumia mbinu za kikompyuta ihamishiwe katika sura ya matokeo, na mtafiti atakiwe kuonesha kwa mifano mahali ambapo mbinu yake ilikoma. Mwandishi wa makala hii ameanza kwa kuifuta aya yake ya awali.

Tatu, mifumo ijengewe uwezo wa kuuliza. Wafanyabiashara wa Kariakoo nao hukumbana na utata huu kila siku, lakini hawautatui kwa kukisia. Kabla ya kupokea fedha, muuzaji hurudia: "Kumi na mbili, eeh?" Mteja huitikia, ndipo gauni lifungwe. Swali hilo fupi ni sehemu ya lugha ya soko kama yalivyo majina ya noti, na mbinu isiyo na nafasi ya swali hilo haijakamilika.